Kanuni ya Kusimama Mstari

Serikali Kuu ya Shirikisho ina furaha kuutangazia umma kwamba mamlaka yote yamerudishwa kwa wananchi. Wananchi wanaombwa wasiyaguse mpaka watakapopewa maelekezo.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa kumbukumbu tu. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Idara ya Ushushaji wa Mamlaka katika Wizara ya Mahusiano ya Serikali, na nina kiti kinachozunguka. Wakurugenzi wenzangu wa ghorofa yetu wanakalia viti visivyokwenda popote, na wivu wao nimeshauzoea.

Kwa wasioelewa shirikisho, nitafafanua. Tuna ngazi tatu za serikali. Serikali Kuu hufikiri, Serikali ya Jimbo hupeleka mbele, Kata hushukuru. Mfumo huu umesifiwa sana, hasa na Serikali Kuu.

Chukua bomba la maji la kata moja pale nje kidogo ya mji, kata ambayo kwa bahati mbaya ndiyo anayoishi mama mkwe wangu. Mabomba yanayopita chini ya ardhi ni ya Serikali Kuu. Kile kipande kilichochomoza juu, pamoja na koki yake, ni cha Jimbo. Maji yakishatua ndani ya ndoo ni ya Kata. Lakini maji yakiwa bado hewani, kati ya mdomo wa bomba na ndoo, ni ya nani? Hilo linajadiliwa na kamati ya pamoja, na mpaka kamati itakapoafikiana tumeona ni busara yasimwagike ovyo. Kwa hiyo bomba limetiwa kufuli.

Msituone hatuna utu. Ufunguo unakaa kwenye droo yangu, na kila Jumatano nampa dereva wa wizara aende akawafungulie. Bomba hukaa wazi kwa muda wote anaokunywa chai pale kibandani, na huyu dereva si mtu wa haraka, hunywa hata vikombe viwili. Wasiofikiwa na zamu huenda kuchota mtoni, pamoja na ng'ombe.

Basi siku moja akaja ofisini kwangu fundi cherehani wa kata ile, mwanamke wa makamo ambaye watu wote wa kule humwita Shangazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Nilimwacha akae, maana mwananchi asipokaa kwenye benchi haioni serikali vizuri.

"Mkurugenzi, sheria inasema ufunguo wa bomba ashike mwenyekiti wa kata aliyechaguliwa," alisema.

"Inasema hivyo hivyo. Sheria nzuri sana."

"Basi tunaomba ufunguo wetu. Mjukuu wangu amelazwa, anaharisha maji ya mtoni. Mtoto amebaki mifupa."

"Pole sana. Ila kuharisha ni suala la Jimbo."

Alinitazama kama anayenipima suti ya kuzikiwa. Nikahamia upande wa uchaguzi, ambako nina utaalamu zaidi.

"Ufunguo mtapata, mama. Mchague tu mwenyekiti. Nani amewazuia?"

"Tumeshachagua! Kila Jumatano kata nzima inajipanga nyuma yangu, toka bombani mpaka kwa fundi baiskeli. Barua zenu zinarudi zinasema si uchaguzi."

Hapo nilitabasamu, maana alikuwa amegusa kazi ya mikono yangu. Baada ya Serikali Kuu kuahirisha chaguzi za kata mwaka hadi mwaka kwa kukosa masanduku, ni mimi niliyetunga Kanuni ya Kusimama Mstari. Inasema hivi: mkazi yeyote akisimama mbele, na wakazi wasiopungua mia wakajipanga nyuma yake kwa hiari yao, mkurugenzi wa wizara akiwepo na kuthibitisha kwa kinywa chake, basi mkazi huyo amechaguliwa papo hapo, na hakuna rufaa.

Uzuri wote wa kanuni uko kwenye yule mkurugenzi. Tangu wizara ianzishwe, hakuna mkurugenzi aliyewahi kukanyaga kata yoyote. Viatu vyetu haviruhusu. Kwa kanuni hii tuliwapa watu uchaguzi wa bure, wa wazi, usiohitaji hata karatasi, na usioweza kutokea. Nilipewa cheti, nimekitundika juu ya birika.

"Hiyo 'mkazi yeyote' maana yake nini?" Shangazi aliuliza.

"Yeyote aliyetamka hadharani kwamba yeye ni wa hapo. Hatutaki kusumbuana kwa vitambulisho." Ukweli tuliandika hivyo kwa ajili ya wanasiasa wetu, ambao huwa ni wa kila mahali.

"Hata mtu mkubwa?"

"Mama, mbele ya kanuni hakuna mkubwa."

Akafunga kanga yake vizuri, akanishukuru, akaondoka. Niliridhika. Nilizunguka kidogo kwenye kiti.

Sasa nimlete Mheshimiwa Waziri, bosi wangu, mtu wa mwili na wa maneno. Ndiye mwasisi wa Sheria ya Kiti Kimoja, aliyoipigania mwaka jana pale Mkuu wa Jimbo alipoanza kukiota kiti chake cha uwaziri. Sheria inasema mtu akichaguliwa kushika kiti ngazi ya chini, kile cha juu kinakuwa wazi saa ile ile, kabla hajakaa. Wiki ile ile Mkuu wa Jimbo akapewa uenyekiti wa halmashauri ya mji wa kwao, kwa kura nyingi za watu ambao hakuwahi kuwaomba. Alianza kula chakula cha mchana akiwa Mkuu wa Jimbo, akamaliza akiwa mtu wa kukagua mitaro. Waziri alicheka mpaka akaomba kiti.

Waziri huyo akaamua kwamba Siku ya Kushusha Mamlaka mwaka huu ifanyike bombani, kata ile ile. Nilijitahidi kumshauri kuhusu viatu.

"Mkurugenzi, mwakani kuna uchaguzi mkuu," alisema. "Nataka picha nimebeba ndoo. Na wewe utashika kipaza sauti."

Tuliandaa mambo kwa umakini. Kulikuwa na ufunguo wa maonyesho, uliokatwa kwenye boksi, mrefu kama mlango, uliopakwa rangi ya dhahabu, ambao Waziri angewakabidhi wananchi. Ufunguo wa kweli ulikuwa mfukoni mwangu. Ratiba ilikuwa nifungue bomba, Waziri akinge ndoo moja, apigwe picha, nifunge, turudi.

Tulipofika, kata nzima ilikuwa imeshajipanga, ndoo na madumu miguuni, Shangazi akiwa wa kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma yake, na kigoda chake. Nikajifanya sijamwona, kwa sababu mke wangu alikuwa amemwahidi tanki la maji kwa jina langu.

Waziri akahutubia. "Ndugu zangu, msinione nimekuja na gari. Mimi ni mtoto wenu! Mimi ni wa hapahapa!"

Wakapiga makofi. Wiki iliyotangulia alikuwa mtoto wa kata nyingine, na huko pia walipiga makofi. Halafu akawakabidhi ufunguo wa boksi, ukapokelewa na vijana wawili wakaulaza chini, upepo usiuchukue. Kisha akachukua ndoo mpya, akaenda moja kwa moja mbele ya foleni. Mlinzi wake akanyoosha mkono kumsukuma Shangazi, lakini Shangazi alikuwa ameshapisha.

"Pita, baba. Simama hapa mbele kabisa."

"Asante mama. Haya, nyie wote jipangeni nyuma yangu, picha ipendeze!"

"Wote?"

"Wote! Mstari mmoja, ulionyooka!"

"Kwa hiari yetu, baba?"

"Eti kwa hiari! Kwani kuna mtu kawashikia fimbo?" Waziri akacheka, na wapiga picha wakacheka naye.

Wakajipanga. Sijawahi kuona mstari ulionyooka namna ile, hata kwenye gwaride. Waziri akainua ndoo, akatabasamu upande wa kamera. Nami nikakiri moyoni kwamba mambo yalikuwa yamependeza.

"Mkwe wangu," ikasikika sauti kutoka kwenye kigoda. "Upo?"

Kuna maswali mtu huwezi kuyapeleka kwenye kamati. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na kilikuwa wazi.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mstari unauona?"

"Nauona, mama."

"Wanafika mia?"

"Wanapita."

"Wamesimama nyuma ya nani? Sema kwa nguvu, masikio yangu yamechoka."

"Nyuma ya Mheshimiwa Waziri, mama."

Spika zilipeleka jibu langu mpaka kwa fundi baiskeli. Vigelegele vikalipuka. "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Waziri akapunga mkono, akapunga na wa pili. Ilichukua muda kidogo kabla hajainama na kumuuliza Shangazi, "Wanasema mwenyekiti gani?"

"Wewe, baba. Mwenyekiti wetu wa kata. Hongera sana."

Waziri akacheka, akanigeukia. "Mkurugenzi, hebu wafafanulie hawa."

Nilitaka. Naapa nilitaka. Lakini kuikana kanuni ile ingekuwa kukikana cheti changu.

"Mheshimiwa, umetamka kwamba ni wa hapahapa. Wamejipanga kwa hiari. Mkurugenzi yupo na amethibitisha."

"Nakata rufaa!"

"Hakuna rufaa, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe zinachelewesha maendeleo."

"Basi sawa! Nitakuwa waziri na mwenyekiti, kwani tatizo nini?"

Niliona aibu kumtajia Sheria yake mwenyewe ya Kiti Kimoja mbele ya watu. Haikuwa lazima, kwa sababu dereva alikuwa ameshaanza kuikunja bendera ya kwenye gari.

"Wewe! Unafanya nini?" Waziri alifoka.

"Gari ni la Serikali Kuu, mzee," dereva akasema. Asubuhi hiyo alimwita Mheshimiwa. Mlinzi naye akavua miwani, akaingia kwenye gari, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka msibani.

Jua lilikuwa kali na yule bwana alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu. Alisimama pale na ndoo tupu, akameza mate ambayo nadhani hayakuwepo.

"Haya, mimi ndiye mwenyekiti," alisema. "Ufunguo uko wapi?"

Vijana wakamnyanyulia ule wa boksi.

"Wa kweli! Mkurugenzi, lete ufunguo!"

Nilikuwa na wajibu wa kulinda utaratibu, na niliulinda. "Mheshimiwa Mwenyekiti, maombi ya ngazi ya chini hupitia Jimboni."

"Jimbo litajibu lini?"

"Jimbo halijibu. Jimbo hupeleka mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe uko hapa!"

"Niko hapa nje ya ofisi, Mwenyekiti. Itabidi usubiri kwenye benchi."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka tai yangu ikiwa mkononi mwake na pumzi yangu ikiwa mbali. Alinisachi mifuko yote mbele ya mama mkwe wangu, akautoa ufunguo, akafungua kufuli, akazungusha koki kwa mikono miwili. Maji yakatoka. Yalipita hewani, kati ya mdomo wa bomba na ndoo, bila kamati yoyote, na hayakuonekana kuwa na wasiwasi wa mali ya nani. Watu walipiga kelele. Shangazi alikinga maji kwa viganja, akajipaka usoni, akaanza kulia hadharani bila kujificha, na kwa mara ya kwanza nikamfikiria yule mtoto wa hospitali.

"Mmeridhika?" Waziri wa zamani alifoka, akaurusha ufunguo. "Najiuzulu! Tafuteni mwenyekiti mwingine!" Akatoka kwenye mstari, akakimbilia gari.

Gari lilikuwa limeshaondoka.

Lakini mstari haukuondoka. Mtu wa kwanza alipotoka, wa pili ndiye akawa wa kwanza, kama ilivyo kawaida ya mstari. Shangazi aliuokota ufunguo, akaupangusa kwenye kanga.

"Mkwe wangu," ikaja ile sauti. "Bado upo?"

Nilikitazama kipaza sauti. Niliitazama barabara tupu. Nikakumbuka pia lile tanki.

"Nipo, mama," nikasema. "Na wako nyuma ya Shangazi."

Ufunguo sasa uko shingoni mwake, umefungwa kwa utepe wa kupimia nguo. Bomba linafunguliwa kila siku, na mjukuu amerudi nyumbani. Wizara imepata waziri mpya, ambaye baada ya kusikia kwamba wakurugenzi wanaweza kufika katani, ameona nibaki huku huku kama mwakilishi. Kiti changu nasikia bado kinazunguka, na aliyekikalia anasifiwa kwa utulivu. Naishi kwa mama mkwe. Kazi yangu ya asubuhi ni ndoo mbili.

Taarifa hii niliianza ofisini, nikiwa bado na kiti; naimalizia nikiwa nimesimama kwenye foleni. Waziri wa zamani yuko hatua chache mbele yangu, na dumu la kuazima. Na yeye amekosa pa kwenda, maana kata nyingine zote alizozaliwa zimekataa kumtambua. Leo ameamka vibaya. Amejaribu kupita pembeni, akafika mpaka kwa mama mkwe wangu, akainama kwa heshima zote.

"Mama, nipishe kidogo. Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wenu, ni wa hapahapa."

"Tunajua, mwanangu," akamwambia, bila kunyanyuka kwenye kigoda. "Ndiyo maana uko kwenye foleni."