Mkaguzi wa Tuta la Mringaringa

Haya, sogeeni. Askari wangu amelala katikati ya barabara, hana sare, hana filimbi, hapokei cha mtu. Lakini hata mkubwa mwenye bendera kwenye gari akimfikia hupunguza mwendo na kumwinamia. Nani huyo?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Arusha? Asanteni, nimeupokea wote na vumbi lake. Nimekwenda Arusha, nimezunguka sokoni, nimepanda mpaka Mringaringa, kijiji kilicho juu ya Tengeru ubavuni mwa Mlima Meru, na huko nimemkuta askari wangu. Ni tuta la barabarani. Nikauliza nani kamlaza pale, nikatajiwa Aminieli.

Aminieli alikuwa mtu wa Moshono, maana alipanga chumba huko na kodi ilikuwa bado haijamtoa. Zilikuwa enzi za ruksa: viwanda vya umma vinafungwa, marobota ya mitumba yanafunguliwa, na kila mwenye ulimi ana kampuni. Aminieli ulimi alikuwa nao. Kilichokuwa kinamnyima usingizi ni Krismasi.

Mnajua wenyewe, Mchaga aliye mjini anaweza kukosa kazi, mke na hata godoro, lakini Krismasi hakosi kwenda kwao, na haendi mikono mitupu. Kwa miaka mingi Aminieli alimtumia mama yake, kule Machame mkoani Kilimanjaro, salamu kwamba yeye ni injinia mkubwa Arusha. Mwaka ule mama akajibu kwa kinywa cha mpita njia: "Mwambieni injinia wangu ukoo mzima unakuja kumwona, na nyumba inavuja." Injinia akahesabu mali yake yote akapata suruali mbili, moja ikiwa mwilini.

Siku moja alikuwa amekaa kwenye baa ya Agnela pale Mringaringa, akinywa kwa ahadi. Barabara ya kijiji ilikuwa imetiwa lami mwaka uliotangulia kwa hisani ya wafadhili, na Agnela alikuwa anailaani.

"Zamani kulikuwa na mashimo, magari yakisimama watu wanakula nyama," alisema. "Sasa yanapita kama mshale. Lami hii imeniua!"

"Afadhali wewe," akajibu Hatibu kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli yake ya chai na chapati. "Mimi jana gari limepita, chapati zikapeperuka!"

"Wangeniwekea tuta hapa mbele tu, Mungu angewabariki."

"Hapa mbele kwako kwa nini? Waweke kwangu! Mtu anakula chapati anaendelea na safari. Kwako akisimama, hata kwake hafiki kulala."

Aminieli akaweka glasi chini taratibu, kama mtu aliyeona pochi njiani na hataki mwenzake aione. Kijiji kizima kinaogopa magari yanayokwenda kasi. Hawa wawili wanaogopa magari yasiyosimama. Mjini shule, wajukuu, na siku hiyo Aminieli alihitimu.

Alirudi kwa pikapu ya kuazima, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa na kofia ngumu ya njano. Akasimamisha miguu mitatu ya kamera ya studio fulani iliyofilisika, juu yake akafunga kopo la maziwa lililopakwa rangi nyeusi, ndiyo darubini. Akachungulia ndani ya kopo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akapima lami kwa futi ya fundi cherehani.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa anapita na ndizi kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Unaishonea barabara gauni?"

Huyo alikuwa Evaresta, muuza ndizi wa soko la Tengeru. Mjukuu wake, Anande, aligongwa kwenye kona ya shule Krismasi iliyopita na gari lililokuwa linakimbilia sikukuu, na hadi siku hiyo alikuwa anachechemea. Evaresta aliomba tuta kila ofisi yenye mlango. Kote aliambiwa suala lake linashughulikiwa, na kweli lilishughulikiwa sana, maana lilichoka likalala.

"Mimi ni mkaguzi wa usalama wa barabara, mama," alisema Aminieli. "Huu ni utaalamu mpya. Tunaikagua barabara ikiwa bado mchoro, tunaikagua ikijengwa, na tunaikagua ikitumika."

"Yaani kabla ya kula, wakati wa kula, na baada ya kula."

"Hahaa! Mama una maneno."

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Aminieli akakohoa. Swali hilo alilikwepa kama wengine wanavyokwepa kodi. Soko la Tengeru limejaa akina mama wa kutoka Kilimanjaro, na jina la mtu likitajwa pale asubuhi, Machame linafika kabla maharage hayajaiva.

"Mimi ni mtoto wa serikali, mama."

"Serikali ina watoto wengi," alisema Evaresta, "lakini sijawahi kuona hata mmoja asiye na mama." Akaenda zake. Lakini moyoni alijua. Mtu anayeficha kabila unaweza kusema ana haya. Anayemficha mama yake, huyo ana lake jambo.

Jioni Aminieli akaingia kwa Hatibu kwa mlango wa nyuma.

"Mzee Hatibu, hii ni siri ya kikazi. Ukaguzi umeonyesha barabara hii inastahili tuta moja. Moja tu. Swali ni liwekwe wapi."

Hatibu akafunga mlango. "Darubini yako inaonaje, bwana mkaguzi?"

"Darubini inayumba. Inaelekea kwako, mara inaelekea kwa Agnela. Nadhani ni baridi ya mlimani. Nyumbani kwangu hata redio ya kunifariji sina."

Redio kubwa ya kaseti mbili, iliyotoka Dubai ikiwa bado na nailoni, ikahamia kwenye pikapu. Na godoro, maana Hatibu alisema mtu aliyelala vizuri hupima vizuri.

Dakika chache baadaye mkaguzi alikuwa ng'ambo ya barabara.

"Kaka injinia," alisema Agnela, "usinizungushe. Unataka nini?"

"Dada, mimi sitaki kitu. Darubini ndiyo inaulizia. Imeliona kanisa letu huko nyumbani, imeona na watu wanavyonyeshewa..."

"Bati ninazo, za kibanda nilichotaka kujenga. Na beberu wa sikukuu je?"

"Beberu darubini haikumtaja," alisema Aminieli kwa unyenyekevu, "lakini haitamkataa."

Ikawa hivyo. Beberu wa kuchomwa mzima awe ndafu ya Krismasi, bati za mama, redio ya kuwaziba midomo wajomba, na godoro la kulalia heshima. Vyote vikafunikwa kwa turubai nyuma ya nyumba ya kulala wageni alimofikia. Aminieli alipanga kuondoka kesho yake alfajiri. Hakuwa ameiba, alijiambia, alikuwa amekagua.

Alfajiri hiyo pembe ikalia kijiji kizima.

Wasioijua pembe hiyo niwaambie. Ni pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja. Ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na asiyetokea hutozwa. Aminieli alipotoka na ufunguo wa pikapu mkononi, alikuta wanakijiji wamejaa uwanjani na majembe, masepeto na matoroli ya mawe, na Evaresta mbele yao akitabasamu.

"Tumesikia ukaguzi umekwisha, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Serikali imetuletea mtaalamu, mikono tunayo wenyewe. Tuonyeshe, tuta linakaa wapi?"

Hatibu alikohoa mara moja, akatazama mlango wa hoteli yake. Agnela alikohoa mara mbili, akatazama baa. Akionyesha kwa Hatibu, Agnela atataja beberu. Akionyesha kwa Agnela, Hatibu atataja redio. Akikimbia, majembe yapo mengi.

"Au," Evaresta akaendelea kwa upole, "darubini imeona kona ya shule?"

Mtu anayezama hamuulizi anayemvuta jina. "Kona ya shule!" Aminieli akapaza sauti. "Hapo hapo! Ndipo penye hatari kuu!" Kisha akawainamia Hatibu na Agnela mmoja mmoja, akamnong'oneza kila mmoja: "Hili ni la maonyesho tu. Lako linakuja baada ya sikukuu."

"Kimo je?" Evaresta akauliza.

Hapo Aminieli angesema kiasi. Lakini mtaalamu wa uongo haogopi kitu kama kuonekana hajui. "Kiwango cha kimataifa," akatangaza, "ni goti la mtu mzima."

Watu wakaguna kwa heshima. Wakaanza kupanga mawe na kumwaga kifusi, wakishindilia kwa nyimbo. Jua lilipopanda, Evaresta akamsogelea tena mkaguzi.

"Unajua desturi yetu. Mwenye kazi ndiye anayelisha watu."

"Mwenye kazi ni kijiji, mama."

"Si umesema kazi ni ya serikali, na wewe ni mtoto wa serikali? Tumesikia beberu analia nyuma ya nyumba ya wageni. Tukasema, mkaguzi huyu ana utu, amekuja na kitoweo."

Agnela akafungua mdomo, akaufunga. Beberu akachinjwa. Aminieli alipewa paja kwa heshima, akalitafuna kama mtu anayekula ndugu yake.

Bado alikuwa na bati, redio na godoro. Akavumilia mpaka Jumapili, saa ambayo kijiji kilikuwa kanisani kikifanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Akapakia, akaazima mafuta ya bwana wa nyumba ya wageni bila kumwamsha, akaondoka. Machame hii hapa! Alimwona mama yake mlangoni, akiwaonyesha wajomba: huyo, huyo mwanangu injinia. Akakanyaga mafuta. Lami ilikuwa laini kama siagi, mteremko mzuri, na kona ya shule ikaja ikikimbia.

Kila mgeni angeshangaa kukuta goti la mtu mzima limelala pale. Aliyeamuru lilazwe yeye alilisahau.

Pikapu iliruka kama mbuzi aliyeona chui. Bati zikatoka kwanza, zikashuka barabarani kwa kishindo ambacho wanakwaya walidhani ni Kiyama. Godoro likafuata, na juu ya godoro ikatua redio, salama kabisa, ikaanza kupiga taarabu. Mwisho akaja Aminieli mtaroni, na kofia ngumu ya njano, kwa mara ya kwanza tangu aivae, ikafanya kazi yake.

Kanisa zima likatoka mbio. Hatibu naye akafika na mwiko mkononi. Evaresta akapita katikati ya watu, akamkagua majeruhi, akaona hakuna kilichovunjika ila hadhi, kisha akageukia mzigo.

"Mali hii ni ya nani?"

Ukisema redio ni yangu, utaulizwa ilifikaje kwa mkaguzi. Na mchungaji alikuwa pale pale na joho lake.

"Hatibu, hii si kama redio yako?"

"Aka! Yangu ilikuwa ndogo," alisema Hatibu, machozi yakimlenga.

"Agnela, bati hizi?"

"Sijawahi kuziona, mama. Wala sipendi rangi yake."

"Basi zimejileta," alisema Evaresta. "Bati tutawajengea watoto kibanda cha kusubiria hapa konani. Redio na godoro vya mwalimu mkuu, alinde tuta." Anande, aliyekuwa amesimama na magongo yake ukingoni, akavuka barabara polepole aje kuona. Gari lililokuwa linateremka kwa kasi likafika kwenye tuta, likapunguza mwendo, likainama, likamsubiri apite. Evaresta alimtazama mpaka akafika ng'ambo, ndipo akachutama mbele ya mkaguzi.

"Sasa sikiliza, baba. Pikapu yako itavutwa, na mafuta tutakuwekea. Unaweza kwenda. Ila nilikuuliza kitu siku ya kwanza, hukunijibu. Na kesho nina ndizi za kupeleka Tengeru, nitakaa na wanawake wa milima yote. Wewe ni mtoto wa nani?"

Aminieli akavua kofia. Akatazama bati zilizotapakaa, akatazama barabara ya kwenda Machame, akainamisha kichwa.

"Wa Mama Aika, wa Machame kwa juu," alisema. "Lakini nakupigia magoti, mama, wasisikie sokoni mpaka Krismasi ipite."