Kaburi Chini ya Blugamu

Jumatatu, 4 Februari 1974

Chemchemi imebaki tope. Tangu tugawiwe mashamba haya ya Kuresoi hatujaona ukame wa namna hii. Ng'ombe wangu analia tangu alfajiri. Mama Jepkosgei, mwenyekiti wa kikundi cha kulinda mto, ameita mkutano. Amesema miti ya blugamu, yaani mikaratusi, ndiyo inayomaliza maji, kwa hiyo yote iliyo karibu na chemchemi ikatwe. Watu wakanigeukia. Ni yangu yote! Nimeilea miaka sita. Ikinenepa kidogo tu, Shabir, mnunuzi wa miti wa Molo, ataichukua iwe nguzo, nami nifungue duka. Ikikatwa sasa ni fito. Haikatwi.

Jumanne, 5 Februari

Nimepata dawa! Nimemwendea Mama Jepkosgei na uso wa huzuni, nikamwambia babu yangu amezikwa chini ya miti ile. Hapa sote ni wageni, kila mtu alishushwa na lori lake. Nani atajua nani kazikwa wapi? Amenipa pole. Nusura nijionee huruma.

Jumamosi, 9 Februari

Balaa. Wameliheshimu kaburi kupita kiasi. Wamelizungushia ua wa miiba, na njia ya ng'ombe wangu ya kwenda kunywa imo humo ndani! Sasa anazunguka kilima kizima. Jirani yangu Gachanja anasema babu wa mtu hakanyagwi na ng'ombe. Ananishuku huyu.

Lakini niseme ukweli, kikundi hiki kinanishangaza. Maji yanatekwa kwa zamu, na wanaokaa mbali kabisa bondeni ndio wanaoanza. Ati wa juu akitangulia, wa chini atakunywa tope. Mama Jepkosgei mlango wake unatazama chemchemi, na ndiye anayeteka wa mwisho. Mimi ningekuwa nimeshaoga.

Jumapili, 10 Februari

Wamekuja na mchungaji kumwombea babu. Nyimbo ndefu, jua kali. Nililia vizuri sana. Katikati ya sala akatokea shangazi Cheptanui kutoka Sotik, amekuja kututembelea. Akauliza anaombewa nani. Akaambiwa.

"Baba yangu?" akasema. "Nimemwacha jana anaota jua. Ameniagiza tumbaku."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Mama Jepkosgei akasema polepole, "Hezekiah, miti ni yako. Maji si yako."

Shangazi ndiye aliyeomba shoka.

Jumatano, 13 Februari

Miti yote iko chini. Nilijua wataiiba. Wameiburuta yote mpaka kwangu, hata tawi halikupotea! Gachanja kabeba kuliko wote, tena bila neno la kunisimanga. Watu gani hawa? Shabir kaja na lori, kaitazama miti, kaniuliza kama napanda maharagwe, maana inatosha kuyaegemeza. Karudi Molo mikono mitupu. Duka limekwenda.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua bado, lakini chemchemi inatoa maji! Machache, safi, usiku na mchana. Ng'ombe wangu kanywa mpaka akashusha pumzi. Nilisogea kando nikafuta machozi, sioni haya kuandika. Mto wetu umeokolewa na watu wenye majembe, mashoka na subira. Nawavulia kofia.

Na wameniheshimu mno. Shangazi kaniombea msamaha, wao wakanipa kazi: mlinzi wa chemchemi! Mama Jepkosgei kanieleza kwamba visiki vya blugamu huchipua upya, kwa hiyo kila nikipita niyang'oe machipukizi yote. Nimeapa mbele ya kikundi kizima.

Nimekwenda kuyatazama. Mazuri! Mekundu, yanang'aa. Kila kisiki kimetoa matano, kingine sita. Sikuwahi kufikiria. Mti mmoja ukikatwa, unalipa miti sita! Shabir atahitaji malori mawili.

Nimeyafunika kwa matawi makavu, mtu asiyaone. Jioni nimeyanywesha maji ya zamu yangu.