Asiyesikia Hajafiwa

Jumatatu, 26 Desemba

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimeoga maji ya kisimani, nimesoma beti za asubuhi bila kukosea hata neno, kisha nimekwenda hekaluni kutukanwa kwa adabu.

Jumatatu ijayo ni siku ya Lango la Mbinguni. Hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, alfajiri. Bwana hupita, sanamu yake imebebwa mabegani, na wa kwanza nyuma yake huwa mtu mmoja wa ukoo wetu, kitambaa cha Bwana kimefungwa kichwani pake, mji mzima ukimtazama. Mtu mmoja! Miaka yote alikuwa Baba Mkubwa Tirunarayanan. Marehemu baba yangu, mdogo wake, alikufa akingoja zamu. Sasa Baba Mkubwa yuko Chennai kwa bintiye Padmasini, mkongwe, miguu imemgomea.

Nikamwuliza Kothandaraman, msimamizi wa hekalu, ni nani atakayepita mwaka huu. Akanusa ugoro wake taratibu. Akasema kwamba Baba Mkubwa asipotuma neno, atapita mkubwa kati ya wana wa nduguze. Yaani Devanathan, binamu yangu, kwa kuwa amenitangulia kuzaliwa siku chache.

Siku chache! Mama yake aliteleza kwenye ngazi za bwawa, mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Hiyo nayo ni fadhila? Tena beti hazijui. Tukisoma safuni husogeza midomo kama ng'ombe anayecheua, akingoja mimi nimalize ubeti ndipo aitikie kwa sauti kubwa.

Nimerudi nyumbani. Kahawa ilikuwa imepoa.

Jumanne, 27 Desemba

Muuza maziwa ameleta habari: Baba Mkubwa ameshikwa na kifua, yu kitandani, hali si nzuri. Nilihuzunika sana. Nilihuzunika mpaka kahawa ilipoisha.

Kisha nikaikumbuka sheria. Akifa mtu wa ukoo kwa upande wa baba, sote tunashikwa na unajisi wa msiba kwa siku kumi. Hatukanyagi hekalu, wala heshima yoyote haitugusi. Lakini wazee wetu waliongeza jambo lenye hekima kubwa: unajisi haumshiki mtu mpaka habari imfikie. Asiyesikia hajafiwa!

Basi likitokea la kutokea kabla ya Jumatatu, kila kitu kinategemea masikio. Devanathan asikie. Mimi nisisikie. Simwombei mtu mabaya. Najiandaa tu, kama mcha Mungu anavyopaswa kujiandaa.

Nikamwambia mke wangu Kanakavalli ampigie Padmasini, amweleze kuwa simu yetu imeharibika, na likiwapo neno lolote, la heri au la shari, ampigie Devanathan. Kanakavalli akapiga. Alipomaliza akauliza kama kweli simu imeharibika. Nikaichukua mkononi mwake, nikatoa betri. Sasa imeharibika. Sikusema uongo.

Jumatano, 28 Desemba

Nimejaza pamba masikioni. Nimetangaza kuwa ni kwa ajili ya ukungu wa mwezi huu, maana baridi ya alfajiri huingilia masikioni. Kila mzee mtaani anajifunga shali kichwani. Hakuna aliyeshuku. Kanakavalli alisema kitu huku akikoroga sufuria. Sikumsikia, lakini baada ya miaka arobaini ya ndoa nazijua methali zake kwa umbo la midomo. Ilikuwa ile ya asiyesikia la mkuu.

Alasiri akaja Devanathan. Kichwa amekizungushia shali, pua inatiririka. Uso ulikuwa mzito! Nikajua papo hapo: uso wa mtu mwenye habari. Akaanza kusema. Nikaelekeza macho darini na kuyahesabu majina ya Bwana. Akapaza sauti. Nikainua kiganja, kama mtu aliye katika tafakuri ambaye si vema kukatizwa. Akazidi kupaza, mishipa ya shingo ikamtoka. Mwisho akanyamaza, akayaonyesha masikio yangu, kisha yake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanyofoa nusu ya pamba yangu bila ruhusa, akaondoka.

Mwizi. Lakini mwizi aliyefiwa! Nilikula wali wa mtindi sahani mbili.

Alhamisi, 29 Desemba

Devanathan amepanda basi la alfajiri kwenda Chennai. Nimemwona kwa macho yangu, amebeba mfuko wa nguo. Ushindi!

Nimekwenda kwa Kothandaraman, pamba moja nimeilegeza kidogo. Nikamwambia, kwa upole, kuwa pengine ingefaa kufikiria mtu mwingine wa kupita Langoni, kwa sababu ambazo sipendi kuzitaja. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, mimi sijasikia msiba wowote. Akauliza kwa nini basi Devanathan asipite. Nikasema nahisi ameshikwa na unajisi. Unajisi wa nini? Wa msiba. Wa nani? Nikasema sijui, sijasikia, na ninaomba asiniambie.

Akasema, “Mzee Aravamudan, ama kuna maiti ama hakuna. Ikiwapo, wewe pia toka kwenye kibaraza changu. Kama haipo, bado nakuomba utoke.”

Nikatoka. Njiani nikamwona Kanakavalli anakuja mbio kutoka kwa wanawake wa kisimani, amenyoosha mkono, kinywa wazi. Nikageuka nikaingia bwawani na nguo zangu, nikazama mpaka utosini. Ndani ya maji mtu hasikii ila moyo wake mwenyewe. Kila nilipoibuka kuvuta pumzi, alikuwa bado yupo kwenye ngazi. Nikazama tena. Vidole vilikunjamana kama zabibu kavu. Mwishowe akakata tamaa, akaenda zake.

Ninapiga chafya ninapoandika haya.

Jumamosi, 31 Desemba

Msiba mkubwa! Nao ni huu: hakuna msiba.

Devanathan amerudi leo mchana. Ameoga, amepaka alama takatifu kwenye paji la uso, ameingia hekaluni mbele ya watu wote, mguu wa kulia kwanza. Mtu mwenye unajisi hawezi! Nilikimbia nyumbani, nikang'oa pamba zote mbili, nikamwamuru Kanakavalli aseme kila alichokuwa nacho.

Akasema. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza.

Baba Mkubwa hakufa. Alikaa kitako, akanywa mchuzi wa ukwaju na pilipili manga, akamwuliza Padmasini, “Ambi yuko wapi?” Ambi ndilo jina langu la utotoni, wamebaki wawili tu wanaoniita hivyo, yeye na Devanathan. Alisema Deva ana siku, lakini Ambi ana beti. Alitaka niende aniwekee mkono kichwani, kisha Padmasini ampigie msimamizi wa hekalu kwamba Lango ni langu. Padmasini alipiga simu yetu hata hivyo, mara nyingi. Haikuita. Ndipo akampigia Devanathan, na Devanathan akaja Jumatano kunichukua, amekwisha kukata tiketi mbili za basi. Juzi bwawani Kanakavalli alikuwa na ujumbe huohuo: bado ninangojwa, basi la jioni lipo.

Mzee alikuwa ameutazama mlango mpaka jana jioni. Kisha akasema, “Basi, Deva. Wewe ndiye uliyekuja.”

Kanakavalli alipomaliza akaniambia, “Baba Alamelu, Bwana alikufungulia lango huko Chennai, wewe ukazama bwawani.” Akaenda kuchambua mchele.

Nimetafakari sana. Naona kosa ni la Devanathan. Angeweza kupaza sauti zaidi.

Jumapili, 1 Januari

Nimerudisha betri. Mpango ni mwepesi na safi: nitampigia Baba Mkubwa mwenyewe, nitamsomea beti za Lango kwa mahadhi aliyonifundisha yeye, moyo utamlainika, atabadilisha neno lake. Devanathan amekwisha kuingia hekaluni kwa mkesha. Simu haziruhusiwi humo, hawezi kunikatiza.

Nilipiga wakati wa kuwasha taa. Akapokea Padmasini. Sikumpa nafasi, nilianza ubeti wa kwanza hapohapo. Akaniacha nisome mpaka mwisho. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilipotua, akasema, “Kaka, Baba ametutoka sasa hivi. Hata macho sijamfumba. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.”

Nikasema simu inakwaruza, sijasikia vizuri. Akarudia, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Wa kwanza! Maisha yangu yote nimeomba kuwa wa kwanza.

Kanakavalli alilia, akaoga na nguo zake kama desturi. Nami nikaoga. Baba Mkubwa alinipakata nikiwa sijaota meno ya pili, akanifundisha ubeti wangu wa kwanza, akinipigapiga goti kwa kidole ili nisipoteze mahadhi. Goti linakumbuka. Naliandika hili mara moja, sitaliandika tena.

Kisha nikawaza: Devanathan hajasikia! Mimi nimefungiwa nje, yeye bado ni msafi. Nikamsihi Kanakavalli atume mtu yeyote apeleke habari mkeshani. Akasema kinywa chake si kengele ya kumharibia mtu furaha, na kwamba maiti haijapoa.

Jumatatu, 2 Januari

Alfajiri. Nimesimama ng'ambo ya barabara, mbali na ukuta, nisiutie unajisi umati. Ukungu. Zumari, ngoma, kengele, mioto ya kafuri. Lango likafunguka. Akatoka Bwana, vito vinameta, na nyuma yake Devanathan, kitambaa kichwani. Kikubwa mno kwake!

Nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua changu: “Baba Mkubwa amefariki!”

Umati ukaitikia kwa jina la Bwana, “Govinda! Govinda!”

Nikarudia. Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami, machozi yanamtoka, aliinama anishike miguu kwa ajili ya bidii yangu ya ibada. Nikaruka nyuma. Akazidi kuniheshimu.

Nilimkazia macho Devanathan, na hapo ndipo nilipoona. Chini ya kitambaa, kila upande, kibonge cheupe kimechungulia. Pamba. Pamba yangu!

Akaniona. Hakusikia lolote. Aliona tu mdomo wangu uko wazi na mikono yangu iko juu. Akadhani nimekuja kumshangilia. Akaunganisha viganja juu ya kichwa chake, akanielekezea mimi, akilia kwa furaha. Akapita.

Alipotoka nje, watu waliopigiwa simu na Padmasini wakampa habari. Akaketi barabarani kwenye vumbi, akalia kama ndama. Kisha akakivua kile kitambaa, akaja nacho, akasema, “Ambi, hiki kilikuwa chako. Kichukue.” Nikamjibu kuwa kitambaa kilichotoka kichwani mwa mtu mwenye unajisi si heshima tena, ni kitambaa. Akanitazama kana kwamba hakunisikia. Huenda pamba ilikuwa bado imo.

Tukapanda basi pamoja kwenda mazishini. Siti ya dirisha aliichukua yeye. Baba Mkubwa hakuwa na mwana wa kiume, kwa hiyo moto wa kumchomea hushikwa na mkubwa kati ya wana wa nduguze. Aliushika Devanathan.

Siku chache!

Alhamisi, 12 Januari

Unajisi umekwisha. Nimeoga, nimevaa nguo mpya, nimekwenda moja kwa moja kwa Kothandaraman na hoja isiyopingika: habari za kifo zilitangazwa mbele ya Lango, kwa sauti kubwa, kabla Devanathan hajamaliza kupita. Kwa hiyo alipita na unajisi. Kwa hiyo kupita kwake ni batili.

Kothandaraman akaweka chini kikopo cha ugoro. Akauliza ni nani aliyetangaza kifo mbele ya Lango la Mbinguni siku takatifu kuliko zote. Nikasema, mimi.

Nimeamriwa nitoe maziwa na mrehani wa kulitakasa Lango, na nisikanyage ua wa ndani mpaka mwezi mwingine uandame. Devanathan ndiye aliyenitetea adhabu isiwe kubwa zaidi. Amefanya makusudi.

Kanakavalli amesema niende kunywa kahawa kwa Devanathan. Ni mjane, yuko peke yake, na analia bado. Nimesema nitalifikiria.

Asubuhi muuza maziwa alianza kunieleza kuwa mzee Sampatkumaran wa Mysore ameteleza bafuni. Huyo ni wa tawi dogo la ukoo wetu: Lango hawana haki nalo, lakini damu ni moja, na kifo chake kitatushika sote sawasawa. Nikamkatiza kabla hajamaliza. Kuanzia leo sisikii habari yoyote ya Mysore. Lango litafunguliwa tena Desemba hii, na likitokea jambo sasa litakuwa limepotea bure.

Nimenunua pamba mpya. Nimeificha ndani ya mtungi wa mrehani, mahali ambapo Devanathan hafiki. Jioni niliwasha taa, nikasujudu, nikamwombea Sampatkumaran kwa moyo wangu wote maisha marefu, yenye afya na amani, mpaka Desemba.