Koki Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Msaidizi wangu mpya amefika. Anaitwa Macharia, kijana wa Thika, ana diploma ya ufundi na viatu vinavyong'aa. Daktari Mbithi, mkuu wa hospitali yetu ya misheni, alituita sote wawili. Akasema bodi inakutana mwezi huu na itachagua mhandisi mmoja tu wa kubaki. Tulipotoka, Macharia akaniomba, kwa heshima kabisa, ramani ya mabomba ya maji. Nikamwambia ramani iko kichwani. Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Miaka ishirini na miwili nimehakikisha hakuna anayejua koki gani inafunga wapi. Ziko thelathini na moja na zote nimezipaka rangi ya kijani. Hospitali isiyoweza kufunga maji bila mimi itanifutaje kazi?

Jumanne, 5 Septemba
Macharia amezunguka na chaki tangu asubuhi. Kila koki ameifungia kibati chenye namba, kwa waya. Kwenye mlango wa chumba cha pampu amebandika orodha: namba hii inapeleka maji huku, namba ile kule. Mtu yeyote anaweza kusoma. Hata dobi!

Matroni Kalekye akasema mbele yangu kwamba kwa miaka minane amekuwa akituma watu wanitafute mkahawani ili sinki moja ifungwe. Wauguzi wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Acha niseme ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kati ya koki thelathini na moja, nazijua kumi na nne. Zile nyingine huwa nazifunga moja moja mpaka mtu apige kelele.

Jumatano, 6 Septemba
Nimepata mpango. Saa saba, Macharia akila githeri yake, mahindi na maharagwe, nimebadilisha nafasi za vibati. Si vyote, kumi na kimoja tu. Namba zikidanganya, wataitupa orodha na kurudi kwa mzee. Waya umenichana vidole vitatu.

Nilipokuwa nakunywa chai ndipo ikanijia kwamba kama ningeandika kwanza kibati gani kilikuwa wapi, ningezijua koki zote kwa mara ya kwanza maishani. Sasa hakuna anayezijua. Basi, tuko sawa.

Ijumaa, 8 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Maji ya mji hayajaja siku ya tano. Stima ilikatwa kwa mgao, kwa hiyo pampu ya kisima ililala. Lilibaki tangi la akiba. Saa nne Matroni akamtuma mhudumu afungue namba kumi na tisa, maji yaende wadi ya wazazi. Akafungua. Wadini kukavu. Akafungua ishirini, na ishirini na moja, na nyingine asizozikumbuka, akaziacha zote wazi na kukimbia kuniita. Kumbe mojawapo ni ya kutoa tope chini ya tangi. Maji safi yalikuwa yanashuka mtaroni nyuma ya jikoni, mwaka huu wa ukame ambao watu wanachimba mchanga wa mito kupata kikombe.

Walinijia mbio, wote, kama nilivyopanga. Matroni mbele. Akaniambia, "Mzee Ndunda, hii maji iko wapi? Msichana wako ako hapa ndani. Mtoto anakuja."

Binti yangu Mwikali. Mama mkwe wake alimleta kutoka Kithimani alfajiri, na mimi sikujua. Nikaanza kufunga moja moja, nikisubiri mtu apige kelele. Leo kila mtu alikuwa anapiga kelele. Spana ikanianguka mara mbili. Sijawahi kuogopa hivyo.

Macharia hakutazama kibati hata kimoja. Aliweka sikio kwenye bomba, akasogea, akaweka tena, akafunga. Kisha akafungua nyingine, na wadini maji yakatoka. Tangi lilikuwa limebaki robo. Mtoto alizaliwa saa sita, mvulana, mzima.

Baadaye kijana yule alivitazama vidole vyangu. Akaenda, akarudi na plasta. Hakuuliza kitu. Heri angeuliza.

Jumapili, 10 Septemba
Nimemwona mjukuu. Ni mvulana wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu anachukua jina langu. Mama mkwe wa Mwikali akauliza babu anafanya kazi gani hapa hospitalini. Mwikali akamjibu kwamba mimi ndiye ninayejua maji yote ya hospitali hii, na kwamba juzi niliwaokoa. Hakuna aliyemwambia ukweli. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya tangi, nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 18 Septemba
Bodi imekaa. Macharia amebaki. Mimi napelekwa kwenye zahanati ya misheni, Ekalakala. Nasikia alipoulizwa kuhusu vibati, Macharia alisema waya wake ulikuwa dhaifu, vikaanguka, huenda vikarudishwa vibaya. Hakunitaja. Mjanja sana yule.

Jumatatu, 2 Oktoba
Nimeripoti. Muuguzi wa hapa, Njambi, amenipokea kwa uji na kunionyesha mitambo yote. Tangi moja. Koki mbili. Juu ya moja wameandika ZAHANATI, juu ya nyingine NYUMBA YA MUUGUZI, kwa herufi nyekundu ambazo hata kipofu angezipapasa. Njambi amesema kwa furaha kwamba huwa anazifungua na kuzifunga mwenyewe, hajawahi kuhitaji fundi.

Sikutulia tena baada ya hapo. Mwikali ameahidi kumleta Ndunda mdogo Desemba aone kazi ya babu yake.

Jioni nimekwenda sokoni. Nimepata msasa na rangi ya kijani, kopo dogo. Kwa koki mbili litatosha.