Kamati ya Damu Iliyotulia

Wananchi wote wa Handeni walitangaziwa kwamba damu isiyotulia haitapewa tena ajira ya kudumu. Tangazo lilitoka kwa Bwana Sharifu, Mwenyekiti wa Kamati ya Damu Iliyotulia, ambaye alikuwa amerudi kutoka semina Korogwe akiwa na mwanga mpya. Huko daktari alieleza kuwa watafiti wanahisi mtu mzima asiyeweza kutulia na mtu aliyetawaliwa na pombe huenda wana mzizi mmoja wa kurithi. Kisha akasisitiza kuwa bado ni huenda, wala si hukumu, na tiba ipo. Wakati huo Sharifu alikuwa nje, anapokea simu.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Awadhi wa Chanika, dereva wa gari la wagonjwa, kibarua tangu aanze kazi, na mkewe mjamzito. Goti lake lilikuwa linacheza.

"Goti hilo!" alisema Sharifu, akiinuka kufungua dirisha.

"Ndivyo nilivyo, Mwenyekiti."

"Kwenu nani mlevi?"

"Marehemu baba. Mimi hata kuonja sijaonja."

"Damu haihitaji kuonja," alisema Sharifu, akilifunga dirisha.

Kwa mujibu wa utaratibu aliouandika mwenyewe, akaitwa bibi wa ukoo wa Awadhi kuthibitisha.

"Shikamoo, Bibi Mwantumu."

"Marahaba, mume wangu. Hebu kaa chini, unanizungusha macho."

Wajumbe walicheka. Bibi akimtania mjukuu, hakuna kamati yenye mamlaka ya kumnyamazisha.

"Tueleze ulevi wa ukoo wa Awadhi."

"Nianze na baba yake, au na babu yenu? Maana babu yenu ni mmoja, mume wangu. Alikwenda mnadani na mbuzi, akarudi hana mbuzi wala kanzu. Na kutulia hakujua, kama wewe."

Udugu huo Sharifu aliufahamu. Ila hakuwahi kuufikiria kitaalamu.

Mjumbe Salome, aliyekaa kwenye semina hadi mwisho, alikumbusha kuwa tiba ipo. Ikaazimiwa Mwenyekiti apelekwe Korogwe kwa gari la wagonjwa. Na kwa kuwa kiongozi hawezi kuendeshwa na kibarua, Awadhi aliajiriwa papo hapo.

Walipokaribia Kilole, Sharifu aliuliza, "Daktari mkali?"

"Hagombezi, kaka. Mimi mwenyewe kila mwezi natibiwa kwake."

Sharifu akashusha sauti. "Utamwambia mtu?"

"Nimwambie nani?" alisema Awadhi kwa upole. "Handeni nzima tunajua; tulikuwa tunakusubiri wewe tu ujue."