Saa ya Getini, Ambayo Kimsingi Ipo

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanda, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Msaidizi wa Meneja, ambaye alitumwa kuuleta udhuru huo naye akapata udhuru. Mheshimiwa Afisa Rasilimali Watu. Makomredi shop stewards, wawakilishi wetu wa idara za kufua, kukausha na kupiga pasi. Mchungaji Térence, uliyetuombea kwa ufupi wa kupigiwa mfano. Na ninyi wanachama wa kawaida, mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimewatosha niliowataja: itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Hotuba za Kizulu na Kiingereza zimekwisha, na chama, kwa hekima yake, kimenikabidhi mimi, Komredi Dominiki, Naibu Mwenyekiti wa Tawi, ninyi ndugu zangu wa Kiswahili, wa Kongo na wa Tanzania, ambao bila ninyi mashuka ya hoteli zote za South Beach yangebaki na madoa ya watalii wa mwaka jana wa Kombe la Dunia. Mjipigie makofi. (Hakuna anayejipigia.)

Kama mnavyofahamu, na mnafahamu kuliko mimi maana ninyi ndio mnaosimama, mfanyakazi wetu hugonga kadi saa kumi na moja jioni, na kadi ikishagongwa malipo yanakoma, lakini yeye haendi nyumbani, anapanga foleni getini apekuliwe isije ikawa kaondoka na taulo. Watu mia mbili kumi na mmoja, mlinzi mmoja, dakika arobaini kila siku ya Mungu, ambazo kampuni haizijui wala haizilipi. (Sauti: "Eish! Arobaini na tano!") Nimeipokea takwimu hiyo.

Ndipo kwa maono yangu, nayaita yangu kwa sababu ya unyenyekevu tu, tukabuni Mradi wa Saa ya Getini, yaani saa ya kugongea kadi ihamishwe kutoka ndani iwekwe nje ya geti, ili foleni nayo ihesabiwe kuwa kazi. Tulifanya feasibility study, tukaunda steering committee, tukaunda na task team ya kuisimamia hiyo steering committee, tukaenda Cape Town siku nne kujifunza best practice ya kutundika saa ukutani, na kufikia mwezi wa nane utekelezaji ulikuwa asilimia themanini na saba. Asilimia kumi na tatu iliyobaki ni saa yenyewe. (Vicheko nyuma.) Sikuchekesha.

Naona mkono wa Mama Huguette wa kupiga pasi. Kwa wasiomjua, chekechea ya mtoto wake kule Point hufunga saa kumi na moja na nusu. Mwezi uliopita alipigiwa simu akiwa kwenye foleni, akaambiwa mtoto kaachwa nje ya mlango na mvua inanyesha, naye akatoka mbio bila kupekuliwa. Kampuni imemshtaki kwa kukaidi amri. Shauri lake ni kesho saa mbili asubuhi, na akishindwa, kazi hana. Sema, Mama.

(Huguette: "Papa Dominiki, nilikuwa nimeshagonga kadi, ile wakati ilikuwa yangu. Ulisema makubaliano ya saa iko tayari. Karatasi iko wapi? Kesho nitaonyesha nini?")

Swali zuri sana, Mama, la kimkakati hasa, na litawasilishwa kwenye kamati Alhamisi. (Sauti: "Kesho ni Jumanne!" Zogo.) Komredi Achille, kaa chini. Tusiwe watu wa kulalamika. Mimi mwenyewe nimeipigania foleni hii kwa mikutano kumi na sita, yote yenye chakula, na sijachoka. Amandla! (Wachache wanaitikia: "Awethu.") Dakika ya mfanyakazi! Mlipaswa kusema "ilindwe." Imeandikwa kwenye ratiba.

Kabla sijashuka niushukuru uongozi wa kiwanda kwa ukumbi huu. Kwa ufunguo wa mlango wa ofisini, tunaoutumia sisi viongozi tisa kutokea bila kupekuliwa, ndiyo maana hatuonani getini. Na zaidi ya yote kwa kuipokea kwa heshima barua yangu ya mwezi wa nane, iliyoeleza kwamba saa haijawahi kuombwa wala haihitajiki, kwa kuwa wanachama wetu husimama kwenye foleni ile kwa hiari yao wenyewe. Msidhani barua hiyo imepotea. Afisa Rasilimali Watu amenihakikishia kuwa ataisoma kesho saa mbili, ndiyo ukurasa wa kwanza wa jalada la Mama Huguette.

(Huguette: "Kama ni kwa hiari, basi nilikaidi amri gani? Sahihi ni yako?")

Ni yangu, Mama, na mhuri ni wa tawi. Nawashukuru wote kwa kunisikiliza.