Jua Halijajadidiwa

Umma unaarifiwa kwamba jua la kisiwa cha Mombasa limesimamishwa kazi hadi leseni yake itakapojadidiwa. Aliyetia saini ni mimi, Ngowa, Mratibu wa Nishati Shuleni, mtu wa kisomo na tai.

Mwongozo wa wanafunzi ulikuwa wazi. Jua na upepo ni nishati jadidifu. Makaa ya mawe, gesi na dizeli si jadidifu. Nikafahamu kama afisa yeyote angefahamu: kilicho jadidifu lazima kijadidiwe kila mwaka, na dizeli imesamehewa. Akili ni mali, na siku hiyo nilijiona tajiri.

Basi nikapanda paa la shule moja ya Kibokoni, nikafunika paneli za sola kwa turubai, nikalipiga mhuri. Feni za darasani zikasimama. Kwa huruma ya serikali, nikaweka jenereta ya dizeli chini ya dirisha.

Moshi ukaingia ndani. Aqsa, mwanafunzi mwenye pumu, akatoka akihema, akauacha mtihani wake mezani.

"Bwana Ngowa," akasema mwalimu wao, Bi Mwanatumu, "mwanangu huyu hapati pumzi. Liondoe turubai lako!"

"Jua halijafika ofisini kujadidiwa, Bi Mwanatumu."

"Yua lishakuya tangu alfajiri, bwana. Ni wewe uliyekuwa hujafungua."

Nikiwa nafungua mwongozo kumwonyesha, jenereta ikakohoa, ikazima. Dizeli ilikuwa imekwisha.

"Hiyo ndiyo maana ya si jadidifu, bwana," akasema Aqsa, sauti ikikatika. "Ukiitumia yaisha. Jua twalitumia leo, na kesho latoka tena."

Niliona haya, kwa kweli. Lakini afisa haoni haya hadharani, kwa hivyo nikamwambia kwamba mwanafunzi hashindani na mwongozo.

Habari zikamfikia mkurugenzi wangu, Bwana Kamaludin. Akaamuru turubai liondolewe papo hapo, na Aqsa akarudi kwenye mtihani wake chini ya feni. Mimi nikaitwa.

"Ngowa, mkataba wako unaisha Ijumaa. Nao si jadidifu."

Machozi ya furaha yakanilenga. Kumbe nami nimesamehewa kama dizeli: kazi ya maisha! Nikamshukuru, nikamkumbatia kwa nguvu, nikanunua haluwa na kahawa nikawakirimu majirani.

Jumatatu nikamkuta dada mmoja, Becky, amekalia kiti changu.

"Inuka, binti," nikamwambia. "Mimi si jadidifu."

"Naam, bwana," akajibu kwa adabu. "Ndiyo sababu nimeletwa mimi."